Bonde Lililosemwa Halikuwa na Watu

Kuna siku moja, mwanangu, huwa inanirudia kila nikishika jembe. Kwanza naona haya, halafu nacheka. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Shule niliachia kidato cha pili, lakini kwa Kingereza nilijiona waziri. Nikisema gudi moningi hapa bonde la Lambwe, hata mbuzi zilikuwa zinageuka kuniangalia.

Mwaka huo akaja dada mmoja kutoka chuo kikuu, Mtaita, jina lake Mghoi. Alikuwa anasomea udaktari, si ule wa kudunga watu sindano, ule mwingine wa kuandika mpaka macho inauma. Kazi yake ilikuwa historia ya mashamba na mazingira: watu walilima nini, ng'ombe walichungwa wapi, msitu ulikuja lini na kwa nini ukaondoka. Sisi vijana tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kwani udongo nayo iko na historia? Lakini alitaka mtu wa kumtafsiria Dholuo, lugha yetu Wajaluo, kwa Kiswahili, na mimi nilikuwa nakaa tu, kwa hivyo nikaacha kucheka nikachukua kazi.

Tukaenda kwa Dani Aoko. Dani kwetu ni nyanya, na huyo alikuwa nyanya wa kila mtu. Tulimkuta amekaa na ungo ya njugu, anachambua. Mghoi akaweka radio yake ya kaseti kwa kiti, akaniambia, "Ouma, muulize zamani hapa bondeni kulikuwa namna gani."

Dani akaongea. Birika ikachemka, tukanywa chai, ikachemka tena, yeye bado anaongea. Alipotulia nikamwambia Mghoi, "Anasema ilikuwa sawa tu."

"Hayo maneno yote ni 'ilikuwa sawa tu'?"

"Dholuo ni lugha ndefu, dada."

Hivyo ndivyo nilifanya kazi siku mbili. Siku ya tatu kulikuwa na mpira Rodi Kopany, na bila mimi timu haikuwa na mtu wa kulaumu. Dani alikuwa anasema kitu polepole, macho kwa ungo, mimi naangalia jua. Mghoi akauliza, "Anasema nini?" Sikuwa nimesikia hata nusu. Lakini baba yangu alihamia hapa baada ya vichaka kufyekwa, na alituambia alikuta mahali patupu. Nikasema hivyo.

"Anasema hapa hakukuwa na watu. Ilikuwa msitu tu na wanyama."

Mghoi akasimamisha kalamu. "Una uhakika? Hiyo ndiyo naenda kuandika, Ouma. Narudi Nairobi Ijumaa, na siji tena."

"Mia kwa mia."

Dani akaweka ungo chini. Halafu akafungua mdomo kwa Kiswahili, mwanangu. Kiswahili!

"Ouma, mimi nimeuzia watu samaki wa omena huko mpakani Isebania mpaka meno ikaanguka. Watu wa Sirare, Wakuria, wote. Unafikiri nilikuwa naongea na wao kwa mikono?"

Mghoi akashangaa. "Dani, kumbe unajua! Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, mama. Na Kiswahili yangu ni ya samaki. Mambo ya mama yangu siwezi kuisema na lugha ya samaki. Nilitaka huyu aseme. Nimemngoja siku tatu."

Akanigeukia. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nyakwara, mjukuu wangu, karatasi ya huyu msichana ikisema hapa hakukuwa na mtu, mama yangu alizikwa wapi?"

Waziri wa Kingereza nikainama, nikaangalia vidole vya miguu yangu. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kinaota kucha ingine.

Dani akachukua fimbo akaanza kuteremka, sisi nyuma. Nilipoona tunapoenda, nikapunguza mwendo. Ilikuwa shamba ya baba yangu.

Kuna miti pale ya ojuok, ile ya utomvu mweupe, imesimama kwa mzunguko. Tangu utoto nilijua ni Mungu amepanda. Dani akasema, "Hii ilikuwa ua ya boma letu." Akaenda pale katikati, mahali mahindi yetu kila mwaka inapita mengine kwa kichwa. "Hapa ng'ombe za baba zililala, mpaka mbung'o wakaja." Akaeleza jinsi kichaka kiliingia na hao nzi, ng'ombe wakaanguka mmoja mmoja, halafu watu wakashikwa na malale, mtu analala na haamki. Mamake alilala hivyo. Wakamzika kando ya nyumba, wakabeba walichoweza, wakahama, yeye msichana mdogo. Msitu ukafunga mlango nyuma yao.

Mghoi akapiga magoti kwa matope na ile suruali yake safi. Akachukua udongo, akausugua kwa vidole, akaunusa kama mtu ananusa kichwa cha mtoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilikuwa nimesikia hiyo methali, sikuwa nimeiona.

"Ouma," akasema kwa sauti ndogo, "haya mahindi yenu bado yanakula mbolea ya ng'ombe wa babake Dani."

Hapo nimelima maisha yangu yote!

Dani akagusa jiwe moja na fimbo, jiwe lililovunja jembe langu na nikalitukana miaka mingi. "Geuza." Nikageuza. Chini lilikuwa laini, limebonyea kama bakuli: jiwe la kusagia wimbi. Dani akaweka kiganja ndani, kikaenea.

Mimi mjinga nikauliza, "Dani, sasa utachukua shamba?"

Akacheka. "Shamba ni ya baba yako, alime. Mimi sidai shamba. Nadai kwamba tulikuwa."

Mghoi hakuenda Ijumaa. Tulianza upya, na mimi nikatafsiri kila kitu, hata "sasa anakohoa". Leo ni profesa, amefundisha watoto wa watu mpaka wao nao wanafundisha. Kitabu kilipotoka alikileta mwenyewe, akamsomea Dani ukurasa wenye jina la mamake, na mahali alipolala. Dani akasema, "Soma tena." Akasoma. "Tena." Sijui ilikuwa mara ngapi. Mimi nilikuwa nimeangalia kando, ati naangalia kuku.

Mwanangu, unayetaka kusomea mambo ya mashamba na mito, watakuuliza utakula nini. Waache waulize. Ukipewa neno la mtu kubeba, libebe kama yai. Ukichoka, sema nimechoka; ukikosa kusikia, sema sijasikia. Usijaze pengo na maneno yako, kwa sababu pengo unalojaza ni kaburi ya mtu. Na mahali umeambiwa ni patupu, kanyaga polepole.

Mungu akupe subira ya kungoja mzee amalize. Akupe magoti yasiyoogopa matope. Na wale waliolala chini bila kuandikwa popote, wakisikia hatua zako, waseme: huyu ni wetu, mwacheni apite.