Nyota Juu ya Paa la Bati

Ukitaka kupiga picha ya mwezi kwa darubini, usikimbilie kamera. Pima hewa kwanza. Chagua nyota iliyo karibu na mwezi, uitazame taratibu. Ikikaa kama punje ya ulezi, hewa imetulia. Ikitokota kama uji, subiri. Utaharibu filamu bure. Hayo nilijifundisha mwenyewe nikiwa mwalimu wa sayansi Didia, miaka ya sabini, na aliyetaka kuchungulia nilimkaribisha.

Mwezi mchanga ulizamia upande wa jirani yangu, mjane mzee. Ukiacha shule, paa lake pekee ndilo lilikuwa la bati. Mwanawe wa Kahama alimwezekea. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, maana kuni kwetu zilikuwa zimekwisha. Miaka ile macho mekundu yalitosha bibi kuitwa mchawi na kuletewa panga.

Jioni moja, kati ya watu waliokuja kuchungulia, alikuwamo mfugaji ambaye ndama wake walikuwa wanakufa.

"Mwalimu, kwingine nyota zimetulia. Mbona iliyo juu ya nyumba ya bibi inatetemeka?"

"Bati limeshiba jua mchana kutwa. Sasa linatoa joto, na joto linaitikisa hewa."

"Jua limezama. Joto la nani hilo?"

Nikaona heri nimwonyeshe. Nilichota maji nikamwagia lile paa. Mjane akatoka akicheka.

"Umekosa bustani, mwanangu?"

"Shikamoo, mayu. Napoza bati."

"Marahaba. Poza na ugali wangu basi."

Bati likapoa, nyota ikatulia. Mfugaji akachungulia, kisha akarudi nyuma.

"Umeiosha dawa yake," akasema.

Haraka nikageuzia darubini juu ya paa la shule. Nyota ya huko ikatokota vilevile.

"Kumbe na mwalimu mkuu anaroga!" mtu mmoja akadakia, watu wakaangua kicheko.

Mfugaji hakucheka. Aliniuliza kwa upole, "Bibi hulala na nani?"

Alfajiri nilimpandisha mjane kwenye lori la pamba, aende kwa mwanawe, Nyahanga kule Kahama. Alinung'unika njia nzima hadi barabarani, akiwataja kuku wake.

Usiku uliofuata mlango wake ulivunjwa. Tulikuta godoro limekatwakatwa.

Mwanawe alikuja kung'oa bati. Mwezi mchanga uliofuata, nyota ilikaa juu ya zile kuta tupu kama punje ya ulezi, nami nikapiga picha safi kuliko zangu zote. Sijawahi kuitundika.