Tuliuza maksai tukanunua laptop ya mtumba: nilikagua kila kitu, kasoro kimoja

Mwangaluka wakuu.

Msiojua Kisukuma, hiyo ni salamu ya asubuhi, itikieni tu hata kama mnasoma jioni.

Hii stori nimeianza na kuifuta mara nyingi. Leo naiweka yote kama ilivyotokea, hata pale ambapo mimi mwenyewe sieleweki. Elimu yangu ni form four, na cheti chenyewe huwa sikitoi kabatini bila sababu ya msingi, kwa hiyo nikiharibu Kiswahili mnirekebishe kwa upendo.

Niko Bariadi mjini, kata ya Somanda. Niiteni Luhende. Rafiki yangu tumuite Masunga. Siyo majina yetu, ila yanatufaa.

Masunga kwao ni Dutwa. Tulikutana sekondari, tukakaa geto moja, godoro moja, ndoto moja: studio ya video. Harusi, send-off, kipaimara, ngoma za wakati wa mavuno, zote tushuti sisi. Jina la studio tulishalipata. Tuliwahi kununiana kutwa nzima kwa sababu ya rangi ya logo, wakati huo hatuna hata extension ya umeme.

Tulianza kwa kushuti na simu. Kuedit tulikuwa tunaenda stationery ya watu, tunasubiri wamalize kuchapa barua zao, ndipo tunapewa mashine kwa kusimangwa. "Nyie wa harusi, mmemaliza? Mashine inachemka!"

Tukaona hapana. Tununue yetu.

Mimi nilikuwa na pesa ya pamba, shamba langu dogo la kwetu. Masunga hakuwa na kitu. Ila mama yake, ambaye ni mjane, alikuwa na maksai wawili wa kulimia.

Wasiotoka kwenye ng'ombe niwaeleze kidogo. Maksai wa plau wanafundishwa wakiwa jozi. Kila mmoja ana upande wake kwenye nira, wa kulia ni wa kulia, wa kushoto ni wa kushoto, mpaka wanazeeka. Ukimuuza mmoja hujabaki na nusu ya plau. Umebaki na ng'ombe tu.

Mama alijua hilo kuliko sisi. Akatuangalia wote wawili, akasema, "Mchukueni huyu wa kushoto. Kazi yenu nimeiona, siyo ya wahuni. Lakini mvua ya kwanza ikidondoka nataka jozi yangu iwe imetimia. Mmenisikia?"

"Tumesikia, mayu."

Tuliitikia kwa pamoja kama kwaya. Mayu ni mama kwa Kisukuma.

Maksai akaenda mnadani. Hela yake ikatoa kamera ya mtumba na nusu ya laptop. Nusu nyingine ikatoka kwenye pamba yangu. Bajeti ya laptop ilikuwa laki nne na nusu, haiongezeki hata buku. Huku kwetu pamba inalipa mara moja kwa mwaka. Ukinunua kimeo, unakaa na kimeo chako mpaka msimu mwingine.

Kwa hiyo nilisoma. Wakuu, nilisoma humu humu! Nyuzi zote za laptop nilizimaliza. Nikajua kwa bajeti yangu niachane na zile mpya nyembamba zinazong'aa, ndani zina processor ya kitoto. Nitafute mtumba wa ofisini: i5, RAM 8, SSD, bodi nene.

Tukaenda Mwanza. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, kosa siyo lao. Duka nalo sitalitaja.

Masunga alikuwa ameshapenda moja ya silver, nyembamba, keyboard inawaka taa. Mimi nikachagua jeusi, zito, lina mikwaruzo mgongoni.

"Oya nkoi," akaniambia, "hii si betri ya trekta kabisa? Bibi harusi akiiona atakimbia."

Nkoi ni rafiki. Ndivyo tulivyokuwa tunaitana.

Muuzaji akacheka sana. Mimi nikaendelea na ukaguzi wangu. Nilibonyeza kila kitufe cha keyboard. Nilifungua picha nyeupe nikatafuta madoa kwenye kioo. Nilichomoa chaji nikaiwekea video iende kwa betri, tukasimama pale mpaka muuzaji akaanza kupiga miayo. Nilichomeka flash kila tundu. Nilitikisa hinji. Nilinusa sehemu ya feni, msinicheke, kuna mtu humu alisema ikiungua ndani inanuka.

Ilikuwa nzima. Masunga mwenyewe alikubali, akasema nimeikagua kuliko watu wanavyokagua mchumba.

Wakati anatufungia kwenye mfuko, muuzaji akasema, "Sasa sikia boss wangu. Usiiunganishe na mtandao ovyo ovyo. Zile update zitakumalizia bando halafu mashine inakuwa nzito."

Nikamwambia, ondoa shaka kaka, nani ana bando la kuchezea?

Tukacheka wote watatu. Hata nyie si ndivyo mnavyoambizana? Kila mtu mtaani anajua laptop haipewi intaneti kizembe. Nikamuona muuzaji ana utu.

Wakuu, lile betri la trekta lilipiga kazi. Tulikodi kibanda Somanda, njia ya kwenda hospitali. Kazi tunawapa watu kwa flash au tunawarushia kwenye simu. Intaneti haikugusa ile mashine. Niliikinga kama mama anavyomkinga mtoto na upepo. Kila jioni Masunga alikuwa anaifuta kwa fulana yake, anaiambia, "Pole na kazi, mzee." Hela ya ng'ombe ikaanza kujikusanya polepole kwenye kopo.

Hapo nilikuwa na furaha. Nasema kweli. Nilikuwa naamka naimba.

Kisha tukapata harusi Nassa. Kaka wa bibi harusi yuko mbali, hakuweza kuja, akaomba tumpandishie video mtandaoni aone dada yake anavyoolewa. Alilipa vizuri mpaka na hela ya bando. Asubuhi nikawasha hotspot ya simu, nikaiunganisha laptop kwa mara ya kwanza tangu tuinunue.

Video ikaanza kupanda. Tukaenda kunywa chai kwa jirani.

Kurudi, imejizima na kujiwasha. Kioo cheusi, maandishi meupe, Kiingereza. Masunga akadhani ni update. Mimi nikasoma taratibu, neno kwa neno. Kulikuwa na jina la kampuni ya nje nisiyoijua, na maneno kwamba kifaa hiki ni mali yao, kimefungwa, aliyenacho awasiliane nao.

Tukazima, tukawasha. Yale yale.

Fundi wetu wa hapa mjini aliangalia mara moja tu.

"Hii haijafa," akasema. "Imefungwa."

"Na nani?" Masunga akauliza.

"Na mwenyewe."

"Mwenyewe si ndiyo sisi?"

Fundi akatugeuzia kioo, akaweka kidole kwenye lile jina la kampuni.

Akatueleza kwamba laptop nyingi za maofisini zinakuja na ulinzi umelala ndani kabisa, hata ukibadilisha Windows hautoki. Isipoona intaneti inalala tu. Ikiiona, inaamka, inamwambia mwenye mali niko hapa. Na mwenye mali alisharipoti kwamba imepotea.

Yaani kule kubana kwangu bando ndiko kulikoficha ugonjwa miezi yote ile. Na ule ushauri wa muuzaji haukuwa utu.

Disk fundi aliichomoa, video ya Nassa ikapatikana nzima, mteja tukampa kazi yake. Hapo Mungu alitusitiri. Muuzaji tulimpigia. Akauliza, "Mlivyoondoka nayo ilikuwa inawaka au haiwaki?" Tukasema inawaka. "Basi." Baada ya hapo namba haikupatikana tena.

Usiku sikulala, namuwaza na yule mtu wa huko nje aliyeibiwa. Labda naye alikuwa na kazi zake mle. Lakini nisijifanye malaika, zaidi nilikuwa namuwaza ng'ombe.

Mawingu yalishaanza kukusanyika upande wa ziwa. Dutwa watu wanachoma mabua, wanaandaa mashamba. Lile kopo tulishalimalizia kwenye kodi ya kibanda na kuhangaika na mafundi. Mama alimpigia Masunga, hakuuliza ng'ombe, aliuliza tu, "Huko mvua mnaionaje?" Masunga akatoka nje kuongea.

Siku iliyofuata akapanda gari kwenda Mwanza na ile laptop. Kuna fundi kule anatoa chip yenye ule ulinzi, anaiandika upya, anairudisha. Akarudi nayo inawaka kama zamani. Fundi alimwambia ukweli: hana uhakika. Inaweza kukaa sawa moja kwa moja, inaweza kujifunga tena siku yoyote ikiwa mtandaoni.

"Tuiuze," Masunga akasema. "Tupate dume hata changa, mama alime. Sisi tutaanza upya na simu."

Nikamwambia sawa. Sikujua mnunuzi ameshampata.

Mnunuzi alikuwa Nkwimba. Binti anayekaanga chapati pale pale njia ya hospitali, tunaimba naye kwaya. Amepata chuo. Alikuja na hela amezifunga kwenye pindo la khanga, noti za chapati, bado zina mafuta.

Masunga akamuonyesha kila kitu. Keyboard hii, chaji hii, betri inakaa na moto. Yote kweli. Nkwimba akawa anaitikia kwa kichwa, ila macho yake yako kwangu.

"Kaka Luhende, wewe ndiye unajuaga haya mambo. Ingekuwa ni dada yako anaenda chuo, ungemnunulia hii?"

Masunga naye akaniangalia. Hakunikonyeza, hakunifanyia ishara. Aliniangalia tu, na mimi nilimuona mama yake nyuma ya yale macho.

Nikasema, "Isingekuwa ya kuunganishwa na intaneti ningemnunulia. Ila chuo utaiunganisha tu, na ukiiunganisha inaweza kujifunga. Ilishajifunga mara moja."

Nkwimba alifunga upya pindo la khanga, akakaza fundo.

"Asanteni," akasema.

Alisema asanteni. Kama vile tumemwambia wote wawili.

Alipoondoka nikasubiri Masunga anitukane. Bora angenitukana. Alianza kukunja waya wa chaji, taratibu, akaufunga vizuri kama alivyozoea.

"Nkoi," akasema, "mara ya kwanza yule ng'ombe tulimuuza wawili. Leo umemuuza peke yako."

Wiki hiyo hiyo akaenda machimboni Geita. Kamera alichukua, tulikubaliana hivyo. Laptop aliniachia, hakutaka hata kuigusa. Namba yangu hapokei. Meseji anasoma, hajibu.

Mvua ya kwanza ilinyesha nikiwa kibandani. Mtaani watu wanashangilia, mimi nimekaa.

Kesho yake nilichukua jembe nikaenda Dutwa. Sikuwa na ng'ombe wa kupeleka, nikapeleka mikono. Njia nzima nilijiandaa kusemwa. Nikafika, mama ameazima ng'ombe wa jirani, amemfunga nira na yule wake aliyebaki. Hawaendi. Wa jirani naye ni wa kulia, kila mmoja anagombania upande ule ule, mistari yote imepinda kama nyoka. Jirani na mama wakamfungua yule aliyebaki ili apumzike. Akatembea peke yake pembeni ya mstari wa plau, upande wake wa kulia, kushoto ameacha nafasi ya mwenzake.

Mama aliponiona akaacha kila kitu.

"Karibu mwanangu! Nilijua utakuja. Masunga alinipigia, akasema kazi za harusi zimewazidia, yeye amebanwa huko Geita, ila nikikwama wewe upo." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Si ndiyo, amekutuma?"

Wakuu, mimi ndiye niliyeshindwa kumdanganya Nkwimba.

Nikasema, "Ndiyo mayu. Amenituma."

Nikalima mpaka jua likazama. Kwa jembe la mkono eneo ni dogo mno, na mama anazeeka.

Sasa somo, kwa mwenye bajeti ndogo kama yangu. Mtumba wa ofisini bado ni mzuri, siufuti ushauri wa wakuu. Ila mkiwa bado dukani, hela bado mfukoni, washa hotspot yako mwenyewe. Iache mtandaoni muda mrefu, nunua hata soda ukae. Izime, iwashe, iunganishe tena. Ingia BIOS, zile setting za kabla Windows haijawaka, uone kama kuna jina la kampuni ya watu. Dai risiti yenye serial number. Na muuzaji akikwambia usiipe intaneti, hapo hapo ndipo uipe. Bando la buku lingeniokolea mambo mengi ambayo buku haliwezi kununua.

Hilo la laptop nina uhakika nalo. La Nkwimba sina. Kuna siku naona nilifanya sawa, kuna siku namuona yule ng'ombe anatembea. Mngekuwa nyie mngemjibu nini? Semeni tu, hata mkinichana nitasoma zote.

Na wewe nkoi, huku tulikuwa tunasomaga wote kwenye simu moja, najua bado unapita. Laptop iko kibandani, huwa naifuta. Mama hajambo, anasema ukimpigia huwa unanitumia salamu.

Anaamini ulinituma. Usije ukamwambia vingine.