Mama Alisema Alimnyonyesha Mchumba Wangu

Mwenye ukurasa, nifiche jina, wajukuu zangu wote wanakufuata humu. Mimi ni mama wa miaka sabini, mjane, mzaliwa wa Mikindani, naishi Mtwara mjini. Nimelea, nimezika mume, sikutegemea kulilia mapenzi uzee huu. Lakini nalia.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa na mchumba, nimwite Hamisi. Alikuwa kuli bandarini, akipakia korosho. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, akalelewa na bibi yake, jirani yetu. Posa yake ilishakubaliwa. Ndipo ikaja amri ya kuhamia vijijini, wajomba zake wakapangiwa kijiji cha mbali huko ndani, naye akatakiwa kuwafuata. Akaomba tuoane upesi tuhame pamoja. Mimi nilishafunga hadi masufuria.

Mama hakupiga kelele. Alikwenda kwa shehe akasema amekumbuka: Hamisi alipofiwa na mama yake, yeye alimnyonyesha mwezi mzima pamoja na marehemu kaka yangu. Mnajua dini yetu, walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani. Bibi yake Hamisi alishakufa, wa kukanusha hakuwepo. Watu walinong'ona mbona kakumbuka leo, lakini nani ambishie mtu mzima jambo la dini? Posa ikavunjwa palepale. Hamisi alilia mbele za watu, mwanaume mzima, kisha akapanda lori na wajomba zake. Mimi nikaozwa kwingine.

Miaka yote hiyo Hamisi amemtunza mama kama mwanawe wa ziwa. Korosho, makopa ya muhogo, kanga za Idi, havijakosa mwaka. Binti yake wa kwanza kampa jina langu, ananiita shangazi.

Mwezi uliopita nilikwenda Mikindani kumwona mama. Nyumba yetu ya mawe ya kale imebomoka upande mmoja, watalii wanaoshuka kutoka boma la Mjerumani wanaipiga picha, mama yuko kibarazani anawapungia. Walipoondoka akanishika mkono.

"Mwanangu, Hamisi sikumnyonyesha. Hata tone. Niliogopa utapelekwa porini, nibaki peke yangu na kuta hizi."

Nikamuuliza, "Mama, umeniona nikilia miaka mingapi?"

Akajibu, "Yote."

Kisha akaniomba nisimwambie Hamisi. Hana mtoto wa kiume aliye hai, na Hamisi ndiye aliyemwahidi kushuka kaburini kumpokea, kama mwana anavyompokea mama yake. "Akijua, nani atanishusha?"

Nimebaki huku kumuuguza. Nina hasira naye, uji nilikuwa namlisha bila kumtazama usoni, na bado ni mama yangu. Tangu juzi hali chakula, hasemi. Nimempigia Hamisi, yuko njiani. Kaniambia, "Dada, mwambie mama anisubiri, mwanawe naja."

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Nimwambie mlangoni kabla hajaingia, au nimwache amzike mama ambaye si wake, na mimi nibaki dada yake mpaka kufa?