Uji wa Mjane wa Kipsongo

Baba alifia Kitale, mama akiwa ametangulia, tukamzika nyumbani Bungoma. Siku ya tatu baada ya mazishi tulinyolewa nywele, kama ilivyo desturi yetu, kisha ukoo ukakaa uani kuzungumzia mambo ya marehemu: alivyougua, aliyemuuguza, alichoacha.

Jibu walikuwa nalo kabla hawajaketi. Baba alitiliwa sumu kwenye uji na mjane aliyekuwa akituletea uji huo, jirani yetu wa mtaa wa Kipsongo kule Kitale. Tangu tushushe jeneza nilikuwa nimeyasikia hayo kutoka kwa watu ambao hawajawahi kufika Kitale.

“Wewe ndiye mkubwa, na ndiye uliyemuuguza,” baba mdogo aliniambia. “Simama useme.”

Nilisimama. Nilisema uji ule niliunywa pia, kutoka sufuria hiyo hiyo, na sikuumwa. Nilisema tumbo lilianza kumsumbua baba tukiwa bado tunaishi kijiji cha Kwanza, msimu wa kupalilia mahindi, kabla hatujamjua mjane yule. Hospitalini walimpa dawa, hawakutuambia ugonjwa.

“Kwa hivyo aliuawa na nini?”

“Sijui, baba.”

“Ati hujui. Na mlikuwa mnalala nyumba moja.”

“Si ndiye daktari wetu wa darasa la sita,” shangazi alisema, watu wakacheka.

Baba mdogo hakucheka. “Sema ni yule mama, sisi tutajua la kufanya. Hawa wadogo wako watabaki kwangu, watasoma. Ukimtetea, rudi nao kwake.”

Kitinda mimba wetu alikuwa amelala begani mwangu, mzito, kipara chake kikinichoma shingoni kwa joto. Kule nyuma ya baba mdogo niliona ghala lake limejaa mahindi.

“Simtetei,” nilisema. “Sijui.”

Tulirudi Kitale sote. Mjane alikuja mlangoni kabla sijafungua mizigo. Habari zilikuwa zimemfikia.

“Uliwaambia sikumuua?”

“Niliwaambia tulikunywa pamoja, mimi na baba. Na kwamba sijui kilichomuua.”

Alirudi nyuma hatua moja.

“Hujui,” alisema. “Hata wewe.”

Hakutuletea uji tena, na kutoka Bungoma hakuja mtu. Asubuhi iliyofuata niliwasha makaa, nikakoroga uji wetu wenyewe, nikamimina. Wadogo wangu walishika vikombe vyao, wakanitazama, wakangoja kwanza mimi nimeze.