Taa za Njia ya Nyuma

Mchana baba yangu alikuwa anaona. Alimtambua jirani akiwa bado yuko barabarani, na alininung'unikia kwamba mahindi yangu nimeyabananisha. Lakini jua likishazama, alikuwa kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni. Daktari wa macho mjini Tabora alituambia ugonjwa huo hautarudi nyuma, na kwamba mwanga hafifu ndio utakaomtesa zaidi.

Nyumba yetu iko Kwihara, kando ya barabara wanayopita wageni wakienda kutazama tembe, ile nyumba ya kale ya udongo. Baba aliijenga kwa kiinua mgongo chake alipostaafu kazi ya reli kule Tura. Choo na bafu viko nyuma, mwisho wa uwanja. Unateremka ngazi ya jikoni, unapita banda la kuku, unavuka mtaro wa maji ya mvua juu ya jiwe pana, ndipo unafika. Umeme tunao, lakini wingu likijikusanya tu unakatika.

Mimi ndiye niliyebaki naye. Mama alishafariki, kaka yangu yuko Dar es Salaam tangu amalize masomo, nami ndoa iliponishinda nilirudi nyumbani. Kila jioni nilimshika baba mkono na kumpeleka nyuma. Hakuizoea aibu ile. Ikafika mahali akawa hanywi maji tangu alasiri ili asihitaji kutoka. Nilipogundua, nilikwenda mjini kutafuta taa za sola.

Muuza duka alinionyesha kwanza vile vijiti vya kuchomeka ardhini, taa ndogo zenye kofia ya plastiki, na paneli yake juu haizidi biskuti. Zinapendeza. Nilimuuliza betri ikichoka naibadilishaje, akacheka, akasema ikichoka unanunua nyingine. Nikamwambia nionyeshe nyingine. Akatoa za aina ambayo paneli iko peke yake, ina waya mrefu, na taa zinafungwa mbali nayo. Hizo ndizo nilizozitaka, maana uwanja wetu wa nyuma umefunikwa na miembe, na taa ya kivulini hainywi jua. Niliziba paneli kwa kanga yangu kuona kama zitawaka. Zikawaka. Nikachagua zenye mwanga wa manjano, kwa sababu ule mweupe mkali ulimfanya baba afumbe macho.

Fundi alipanda juu ya bati akafunga paneli upande usio na kivuli. Taa tulizifunga kwenye vigingi kando ya njia. Jioni ya kwanza baba alisimama mlangoni, akaangalia, akasema, "Hiyo ya ngazini inanipiga machoni. Ishushe."

Nikaishusha mpaka usawa wa goti. Kesho yake nikakata kopo la mafuta ya kupikia, nikaitengenezea kofia ili mwanga uangukie chini tu, kwenye ukingo wa ngazi. Nyingine niliiweka pale mtaroni, karibu kabisa na jiwe. Baba akazipita zote taratibu, fimbo mkononi, akaenda, akarudi. Aliponifikia alisema, "Sasa usinifuate tena."

Hakunisifu, si desturi yake. Lakini alianza kunywa chai ya jioni kama zamani, na nilikuwa nikimsikia huko nyuma akikohoa na kuimba nyimbo za kanisani peke yake. Kiangazi chote niliweka ngazi kila Jumamosi nikafuta vumbi kwenye paneli. Mvua za kwanza ziliposhuka, kumbikumbi walijaa kwenye taa, na asubuhi nikawa nafagia mabawa. Nilifanya yote hayo kwa moyo mweupe.

Kisha kaka akapiga simu kwamba binti yake anachumbiwa, na kwamba wakwe wataleta mahari kwa babu, Kwihara, kwa heshima. Baba alifurahi mno. Alinyoa ndevu siku mbili kabla.

Siku yenyewe mchana kaka alifika na gari lililojaa viti vya kukodi na maua ya plastiki.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona mbele hakuna taa hata moja?" Ndilo neno lake la kwanza. Akazunguka nyumba, akaziona taa zangu. "Taa nzuri namna hii umezificha chooni? Wakwe watapita chooni?"

"Ni za baba, kaka. Bila hizo haoni njia."

"Ni jioni moja tu. Nimeleta vijiti vya sola, tutavichomeka huko nyuma."

Vilikuwa vilevile nilivyovikataa dukani. Nikamwambia vinataka jua la kutwa, na mbingu ilikuwa imefunga tangu asubuhi. Nikamwambia chini ya miembe havitawaka hata kama jua lingekuwepo. Akanijibu, "Wewe kila kitu unakijua." Nikamwendea baba, nikamweleza. Baba alikuwa amekaa na suti yake ya reli iliyopigwa pasi, akasema, "Mwache. Hii ni shughuli yake. Usituaibishe mbele ya watu."

Kwa hiyo taa zangu ziling'olewa, waya ukavutwa kupita juu ya paa mpaka mbele, na kofia ya kopo ikatupwa kwa sababu ni mbaya kuonekana. Taa zikapangwa kandokando ya njia ya geti na kwenye maua ya plastiki. Kusema kweli zilipendeza. Wakwe walifika magharibi, wakapiga picha pale hata kabla ya kusalimia.

Niliwaomba wanawake wawili jikoni wamwangalie baba akitaka kutoka. Lakini chakula kilikuwa kinapakuliwa, mimi niko na sufuria ya pilau, wao wana sahani mikononi. Baba aliinuka mwenyewe. Hakutaka kumwita mtu mbele ya wakwe. Alishuka ngazi kwa kupapasa ukuta, akapita banda la kuku. Vile vijiti havikuwa vinawaka hata kimoja. Mguu ulilikosa lile jiwe.

Nilimsikia mimi, kwa sababu nilikuwa karibu na mlango. Hakupiga kelele. Aliniita kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusumbua wageni. Nilipomfikia alikuwa amelala ndani ya mtaro, suti imelowa maji ya mvua, mguu umegeuka upande usio wake. Huko mbele walikuwa wanapiga vigelegele.

Hospitali walisema nyonga imevunjika, na kwa umri wake hawakuahidi kitu. Kaka alikaa mpaka baba alipotolewa wodini, kisha akasema kazini wanamwita. Kabla ya kuondoka tulisimama kwenye uwanja wa hospitali, nikamwambia nilichokuwa nimekibeba.

"Ungeziacha taa pale, baba angekuwa anatembea."

"Wazee wanaanguka," akasema. "Hata wa Ulaya wanaanguka. Usitafute mchawi."

Baadaye nikasikia kutoka kwa shangazi kwamba huko Dar anasimulia kwamba baba alianguka kwa sababu taa nilizonunua mimi zilikuwa feki. Shangazi aliniuliza kwa huruma kwa nini sikununua nzuri. Ningeanzia wapi? Picha za siku ile zilitumwa kwenye kundi la ukoo, na watu bado wanaandika chini yake: hongereni, mmependeza, nyumba inang'aa.

Taa nilizirudisha nyuma. Fundi aliniuliza za nini, mzee si hatembei tena? Nikamwambia afunge tu. Natembea mimi, na ndoo ya baba, asubuhi na jioni, na kuzifuata taa zile hadi mlango wa choo kunanichoma kuliko giza.

Baba yuko chumbani, kitanda tumekisogeza dirishani. Hasemi habari ya siku ile. Amerudia kukataa maji alasiri, na namlazimisha, na ananikasirikia. Namwosha, namgeuza ili mgongo usitoke vidonda, namlisha uji. Jana nilikuwa nimepiga magoti namkata kucha za miguu. Akageuza uso kunielekea, nikafikiri labda leo ataniambia neno. Akauliza, "Kaka yako hajapiga simu?"

"Bado, baba."

"Atapiga," akasema. "Yule mtoto ana moyo mzuri."

Nikaendelea na mguu wa pili.