Salamu za Wodi ya Wazazi

Sista Enifa Kadammanja alikuwa na mikono miwili tu, na hospitali ya Mphalapala ilikuwa imemkabidhi wodi nzima ya wazazi. Aliingia peke yake asubuhi, akatoka peke yake jioni. Si kwamba wauguzi wameisha Malawi. Mphatso, aliyesoma naye chuo kimoja, alikuwa palepale sokoni akiuza mitumba, cheti chake kimelala kabatini. Serikali ilisimamisha ajira, ikasema itatangaza. Mpaka leo haijatangaza, na Mphatso sasa anazijua bei za mablauzi kuliko dozi za dawa.

Kwa hiyo Enifa akabuni njia yake. Kwao Wachewa mtu hampiti mwenzake bila salamu, awe na haraka ya namna gani. Basi yeye alipita kitanda kwa kitanda akiuliza, kwa wingi wa heshima, "Mmeamkaje?" Aliyeweza kujibu sawasawa, "Nimeamka salama, sijui nyie," huyo alimpita. Aliyeguna, aliyenyamaza, aliyeishiwa pumzi, kwa huyo alisimama, akafunua nguo na kumshika tumbo. Chuoni walifundishwa kumgusa kila mzazi, kumpima presha, kuangalia damu inayotoka. Ila hawakufundishwa jinsi ya kuyafanya hayo kwa wodi iliyojaa mpaka sakafuni, huku unaitwa chumba cha kujifungulia. Njia ya salamu ilimfaa muda mrefu, na hilo ndilo lililomponza.

Zamani palikuwa na macho mengine wodini. Kila mgonjwa alikuja na mtu wa kumuuguza, mama au shangazi, aliyelala chini ya kitanda chake, akamlisha, akamfulia, na akiona damu haieleweki alitoka mbio kumwita sista. Kisha likaja agizo kutoka juu: wodi zina msongamano, wanaouguza wakae nje hadi saa ya kuona wagonjwa. Waliotunga agizo hilo walikuwa na hoja zao kuhusu usafi, sikatai. Hawakusema tu nani sasa ataiangalia damu.

Tiyamike alijifungua alfajiri mtoto wa kiume, kifungua mimba wake. Mama yake, Nachisale, alitolewa nje kama wenzake, akaenda kwenye kibanda cha kupikia kumkorogea binti yake uji wa karanga. Enifa alipopokea zamu, mwenzake wa usiku, macho yanamfumba kwa uchovu, alimwambia kwamba wote wako vizuri.

Akaanza kusalimia. Alipofika kwa Tiyamike, tayari mwanamke wa kitanda cha jirani alikuwa amekwisha kupaza sauti kwamba mgongo unamuua, maziwa hayatoki, na shuka linamwasha.

"Mmeamkaje, mama?" Enifa akauliza.

"Nimeamka salama, sista," Tiyamike akajibu taratibu, akajaribu hata kuinua kichwa. "Sijui nyie."

"Na sisi salama. Hongera kwa mtoto."

"Asante, sista."

Enifa akampita. Moyoni alifurahi kumpata binti mwenye adabu katika wodi ya makelele, akamwendea yule wa mgongo. Akamkanda, akamsaidia kumweka mtoto kwenye ziwa, akamtafutia shuka jingine. Kabla hajamaliza akaitwa chumba cha kujifungulia, ambako mtoto alikuwa anatanguliza miguu.

Aliporudi, kitenge alichojifunika Tiyamike kilikuwa kimelowa chote, godoro limelowa, na chini ya kitanda palikuwa na damu. Enifa alifanya kila alichofundishwa. Alimkanda tumbo, akamchoma sindano ya kukaza kizazi, akamtundikia maji, akaita tabibu kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia pale. Tabibu alikuja mbio, maana hakuwa mtu mzembe. Lakini friji ya damu ilikuwa tupu, na gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa nyuma ya jengo likingoja dizeli.

Nachisale aliingia bila kuuliza ruhusa. Aliposikia kwamba hakuna damu ya kumwongezea binti yake akakunja mkono wa blauzi, akaunyoosha mkono. "Nitoeni damu mimi. Huyu ni wangu." Tabibu akamweleza kwa upole kwamba vipimo vya kulinganisha damu vimeisha tangu mwezi uliopita, na bila vipimo damu yake huenda ikamuua binti. Nachisale hakuushusha mkono. Tiyamike alikata roho mama yake akiwa bado ameunyoosha.

Baadaye walikaa wawili kwenye benchi la nje, Nachisale amempakata mjukuu. Hakupiga kelele wala hakumtukana mtu. Enifa aliomba moyoni atukanwe.

"Sista," Nachisale akasema, "alisema chochote?"

Angeweza kudanganya. "Nilimsalimia asubuhi. Akasema ameamka salama."

Nachisale akatikisa kichwa polepole. "Ndivyo nilivyomlea. Mkubwa akikusalimia, humtupii shida zako mdomoni. Unamjibu kwanza, unamuuliza na yeye, mnamalizana. Halafu ndipo unamwambia, ila mwenzenu naumwa." Akamfunika mtoto uso kwa ncha ya kitenge. "Mlimngoja aseme, sista?"

Enifa na yeye alilelewa hivyohivyo. Hata nyumbani kwao, mtu mwenye msiba huanza kwa kusema hajambo.

Ofisini aliambiwa aeleze kwa nini hakumpima mzazi. Akaeleza, akaomba aongezewe mtu, hata Mphatso, kwa kujitolea. Akajibiwa kwamba ajira zimefungwa, na asiye mwajiriwa haruhusiwi kumgusa mgonjwa.

Kesho yake aliingia wodini, akasalimia, akajibiwa salama. Safari hii hakuondoka. Alisimama pale pale akangoja, na kweli, maneno yakaja. Kila mmoja alikuwa na la kusema: huyu kichwa kinagonga, huyu ana homa, huyu damu imebadilika harufu. Enifa alikuwa hajafika hata katikati ya wodi alipoitwa chumba cha kujifungulia.

"Mmeamkaje, sista?" sauti ya mwanamke ikamsalimu kutoka vitanda vya dirishani, ambavyo alikuwa hajavifikia.

"Salama," Enifa akajibu, naye tayari yuko mlangoni anakimbia.