Mwenyekiti kwenye Foleni ya Kitubio

Padre wa parokia yetu anakijua hata kikohozi changu, ndiyo maana Kwaresima hii nilipanda tuktuk kutoka Ganjoni nikaenda kuungama kanisa jengine, nisikojulikana. Dhambi yangu nilikuwa nayo tayari: nimemsengenya mwenyekiti wa jumuiya yetu. Nilipofika kwenye foleni, aliyekuwa mbele yangu ni mwenyekiti mwenyewe.

“Hata wewe huku, mwanangu?”

“Nilikuwa napita tu, mama,” nikamjibu, na hapo nikaongeza dhambi ya uongo.

Aliingia kwa padre akakawia. Mtu anayetuongoza rozari kila wiki ana nini cha kuficha, mpaka aje kuungama mbali na kwao? Au ndiyo ananisema mimi?

Zamu yangu nikaungama upesi, nikapewa Salamu Maria tatu. Kutoka, nikamkuta bado amepiga magoti, anafanya malipizi. Nikafuata vidole vyake kwenye rozari. Zilipopita Salamu Maria kumi, nikafurahi.

Ndipo nikajishtukia. Zangu tatu hata sijazianza, nami nishamhukumu tena. Nikarudi kwenye foleni.

Nilipogeuka, mama naye alikuwa amerudi kwenye foleni, nyuma yangu.